Ukuta Uliokataa Kukauka

Kiangazi cha Unyamwezi hakina masihara. Mwezi wa nane ukianika kanga asubuhi, kabla hujamaliza kukung'uta mikono imeshakauka, na udongo ukiupaka ukutani leo, kesho unaugonga kwa kucha unalia. Ndiyo maana Josepha alipouwekea kiganja ukuta wa sebule ya tembe Jumamosi ile, ukuta alioukandika mwenyewe Jumatatu, na kiganja kikarudi na tope, hakuogopa. Alikasirika. Alidhani kuna mtu ameumwagia maji.

"Bertila, nani kachezea ukuta wangu?"

Bertila, mkandikaji mwenzake, alikuwa upande wa pili akisugua kwa jiwe la kulainishia. "Nani acheze nao, dada? Maji yenyewe tunayabeba kichwani toka bondeni, halafu mtu akamwage tu?"

Josepha aligusa tena, safari hii kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima homa. Ukuta ulikuwa upande wa kivuli, haujapigwa na jua tangu asubuhi, lakini tope lile lilikuwa na uvuguvugu. Akapangusa mkono kwenye kanga na kuendelea na kazi, maana kazi haimngojei mtu.

Tembe lenyewe, jumba la udongo la paa bapa, lilikuwa la Bin Suwedi, tajiri wa zamani aliyetuma misafara ya pembe na ya watu kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Lilisimama kando ya njia ile ile ya misafara, upande wa Igalula. Mjerumani alipoingia nchini tajiri alihama, na mchwa wakarithi. Likaanguka ukuta mmoja mmoja hadi zama za Mwingereza, mwaka ambao vijana walikuwa wakirudi kutoka mashamba ya karanga ya Urambo, ndipo akatokea mzungu mmoja wa Boma aliyependa vitu vilivyovunjika kuliko vizima. Wafanyakazi walimwita Bwana Vigae, kwa sababu mifuko ya kaptula yake haikukosa vipande vya vyungu vya kale. Aliapa kuliinua tembe kwa ufundi wa wenyewe: nguzo za mninga, dari ya fito na udongo, kuta za tope la kukanyagwa. Saruji hakutaka hata kuisikia. Na amri yake kubwa ilikuwa moja, kwamba udongo wa zamani usitupwe hata konzi. Kila ukuta ulioanguka upondwe, uloweshwe, urudi ukutani.

Fundi mkuu alikuwa Ambrosi, mume wa Josepha, na amri ile ilimpendeza mno. "Udongo mkongwe unajua kushikamana," alikuwa akisema. "Huu mpya bado una utoto." Mzungu na fundi, kwa mara ya kwanza, walikuwa na akili moja, na hapo ndipo balaa lilipopata njia.

Ambrosi alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye mkono wa kulia usio na kidole cha mwisho. Kidole kile kilibaki kwenye mnyororo wa trekta kule Urambo. "Kilikwenda kulima karanga," aliwaambia watu, "kikanogewa." Josepha alimpenda kwa mzaha ule. Mtoto wao mmoja, Justus, alikuwa seminari Kipalapala, na nyumbani walibaki wawili tu, wakibishana na kucheka kama vijana.

Kabla ya Jumatatu ile ya kukandika, katikati ya tembe walikuwa wamekuta ukuta mnene kupita kiasi. Walipoutoboa, ndani palikuwa na chumba kisicho na mlango wala dirisha. Hapakuwa na kitu mle, si chungu, si mfupa. Palikuwa na harufu tu, udi uliochanganyika na unyevu, katika nyumba ambayo haikuwa na unyevu popote. Na kuta za ndani zilikuwa zimejaa alama za viganja kutoka chini mpaka juu. Josepha alizitazama kwa jicho la kazi yake. Mkandikaji hupitisha kiganja kwa mzunguko, akilaza udongo. Viganja vile vilikuwa vimegandamizwa, kama vya mtu anayesukuma atoke.

"Tutafute mtu apatazame kwanza," Bertila alisema.

"Bertila, ukiogopa viganja utaacha kazi hii," Ambrosi alicheka, "maana huna kingine unachoifanyia."

Wakacheka wote. Wakakivunja. Udongo wa chumba kile ukaingia kwenye shimo kubwa la uani pamoja na udongo wa nyumba nzima, ukamwagiwa maji na majani yaliyokatwakatwa. Kisha Ambrosi akafanya kama alivyofanya baba yake na babu yake, wote mafundi wa matembe. Alipiga funda la maji, akaingia shimoni wa kwanza, akalipuliza funda lile juu ya udongo, pyuuu, ili udongo umjue bwana wake. Ndipo wengine wakaingia kukanyaga kwa nyimbo. Lilikuwa tope zuri, laini, lenye kunata. Likagawanywa kwa karai, kuta zote zikapata, na lililobaki Ambrosi akalipeleka kwake kwa kikapu. Mfinyanzi hulia gaeni: nyumba ya fundi ilikuwa na ufa chumbani, juu ya kitanda, ambao Josepha alikuwa akiulalamikia masika baada ya masika. Josepha aliuziba ufa ule kwa mkono wake mwenyewe, huku akimtania mumewe kwamba leo amemkumbuka.

Baada ya hapo Ambrosi akaanza kusikia kiu.

Mwanzoni ilikuwa jambo la kuchekesha. Alimaliza mtungi wa kazini, akarudi nyumbani akamaliza na wa nyumbani. "Mume wangu, umemeza Ziwa Tanganyika?" Josepha alimwuliza. Lakini maji aliyokunywa hayakuonekana yalikokwenda. Hakutoka jasho. Wenzake waling'aa mgongo mzima kwa jua, yeye ngozi yake ilikuwa na vumbi jeupe kama mtu aliyetoka kulala jivuni. Visigino vilipasuka, kisha viganja, kisha midomo. Akikohoa, alikohoa vumbi. Kwenye zahanati ya misheni walimpima, hawakuona homa, wakampa dawa, wakamwambia apumzike kwenye kivuli. Alipumzika kwenye kivuli. Alichagua kivuli cha tembe, mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta ule uliokataa kukauka.

Na si ukuta mmoja tena. Kila walipokandika palibaki pabichi.

Siku moja jua lilipofika utosini, saa ambayo hata kuku hujificha, Josepha na Bertila walikuwa sebuleni wakilaza tabaka la mwisho, na Ambrosi amekaa chini karibu nao, amechoka, hasemi mzaha wowote. Akainua mkono wake wa kulia ili ajiegemeze ainuke. Kiganja chake kilipoukaribia ukuta, ukuta ukavimba. Josepha aliona kwa macho yake mawili tope likijitunisha polepole, likatokeza vidole, vidole vitano vilivyokamilika, kiganja cha mtu kinachosukuma kutoka ndani, kikaja kukutana na kiganja cha mumewe na kukaa hapo, kiganja kwa kiganja, na Ambrosi akafumba macho na kutoa pumzi ndefu kama mtu anayekamuliwa, na wakati huo huo ndani ya kuta zote, za sebule na za vyumba na za ukumbi wa nyuma, ikaanza kusikika sauti ya miguu inayokanyaga tope, chap, chap, chap, bila wimbo, bila haraka, na harufu ya udi ikawajaa puani mpaka machozi yakawatoka.

"Mayo, mama yangu!" Bertila alinong'ona. Jiwe likamdondoka. Alitoka mbio na hakurudi tena kazini, hata ujira wake hakuufuata.

Josepha alimshika mumewe kiunoni akamvuta. Ngozi ya kiganja ilibaki ukutani. Damu haikutoka. Chini ya ngozi palikuwa pakavu.

"Baba Justus, twende nyumbani."

"Kinanijua," Ambrosi alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mama Justus, kitu hiki kinanijua mimi."

Josepha alimwendea Bwana Vigae akiwa bado na tope mikononi. Akamkuta mezani chini ya turubai, akisafisha kigae kwa brashi. Alimweleza yote, akapiga magoti, akamwomba alivunje tembe. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akaenda akaushika ukuta, akatabasamu.

"Mama Justus, hii kazi nzuri sana. Itakauka. Ambrosi ni mgonjwa, nitampeleka hospitali ya Tabora kwa gari langu. Lakini udongo ni udongo tu."

Na kweli alimpeleka. Na huko nako walimlaza, wakamtia maji kwa mpira mkononi, chupa baada ya chupa, na kule tembeni, watu walisema, kuta zilikuwa zikitiririka. Ambrosi mwenyewe aliomba arudishwe nyumbani.

Akiwa mjini, Josepha alikwenda mtaani kwa mwalimu Yahaya, mzee wa Kimanyema aliyewasomea dua watu wenye mashetani. Josepha alikuwa Mkatoliki wa rozari na misa ya kila Jumapili, na alijua paroko angesema nini. Lakini mfa maji haulizi aliyemnyooshea mkono dini yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Alimsimulia. Alipotaja chumba kisicho na mlango, mzee aliacha kuvuta tasbihi yake.

"Bibi yangu alikuwa mtumwa katika nyumba ile," alisema polepole. "Nisikilize. Mashariki ya Tura kuna pori wapagazi walilokuwa wakiliita Mgunda Mkali. Halikuwa na maji. Watu walikufa mle kama nzige. Bin Suwedi alikwama na msafara wake mle, akabaki na funda moja la maji kinywani. Kuna kitu kikamjia. Hakumeza lile funda, alikipulizia, na kile kitu kikamwongoza kisimani. Ndiyo mkataba wenyewe, maji ya kinywa. Tangu siku hiyo misafara yake haikupata kiu tena. Lakini jini yule ana kiu isiyokwisha, na anamnywa yule aliyempa funda. Bin Suwedi hakutaka kunywewa. Akamjengea chumba, akawa anawaingiza humo watu wake, mmoja mmoja, wakiwa na maji kinywani, wamelazimishwa kupuliza."

Josepha aliziona zile alama za viganja, za chini na za juu. Alama za chini zilikuwa za watu waliokwisha kuanguka. Akajifunika uso.

"Mwishowe Bin Suwedi alimwogopa jini yule, akaamuru chumba kizibwe. Bibi yangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliokandika. Alituambia: maadamu udongo wa chumba kile uko mahali pamoja, naye yuko mahali pamoja. Kwa hiyo usilie, dawa ipo. Tutauchukua ule udongo wote, tutaupeleka kulekule porini ng'ambo ya Tura, tutaumwaga, na mumeo atapona. Niambie tu, udongo wa chumba kile mmeuweka wapi?"

Josepha aliliona shimo la uani, na miguu yote ile iliyokanyaga na kugeuza, juu chini, chini juu, mpaka udongo wote ukawa mmoja, kama wafanyavyo mafundi hodari. Wangefanya kazi vibaya, dawa ingekuwepo.

"Tumeuchanganya," alisema. "Mwalimu, tumeuchanganya wote."

Yahaya aliinuka. Kisha akachukua chetezo na msahafu wake, wakaondoka pamoja. Hakumwambia tena asilie.

Walimkalisha Ambrosi sebuleni mwa tembe alasiri, hakuna mfanyakazi aliyethubutu kuingia. Ubani ulifuka. Yahaya alimnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi, naye akalinywa lote. Papo hapo ukuta nyuma yake ukatoa matone yenye rangi ya zafarani. Mzee akaona, lakini akaendelea kusoma, sauti yake ikipanda, mpaka Ambrosi akainua kichwa, na sauti iliyotoka kwake haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya taratibu, yenye adabu.

"Unataka nini, mwalimu?"

"Utoke."

"Nitoke ukuta upi?"

Yahaya akazitazama kuta zote nne.

"Wamenigawa kwa karai," ile sauti ilisema. "Zamani nilikuwa na chumba kimoja, tena cha giza. Hawa watu wema wamenipa nyumba nzima. Na huyu bwana wao akanipulizia maji yake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Nimtoke kwa kosa gani?"

Kichwa cha Ambrosi kikaanguka kifuani. Yahaya alifunga msahafu.

"Mama, elimu yangu imefika mwisho," alisema. "Ningekudanganya ningekula pesa yako bure."

Ndipo Josepha alipokwenda uani akarudi na jembe. Kama hatoki atabomolewa, alisema, na mzungu akitaka anifunge, na akaliinua jembe akaupiga ukuta kwa nguvu zake zote na kwa hasira yake yote ya mke, bonge likaanguka, maji yakamwagika kutoka kwenye jeraha la ukuta kama kutoka kwenye kiriba, na nyuma yake Ambrosi akapiga ukelele ambao hajawahi kuusikia kwa mtu wala mnyama. Aligeuka. Ubavu wa mumewe ulikuwa umechanika ufa mrefu, na katika ufa ule kulikuwa kunamwagika vumbi.

"Acha!" Yahaya alimshika mkono. "Maji ya mumeo yamo humo. Ukivunja, unammwaga yeye."

Akasimama na jembe lake. Akivunja, anamuua. Akiacha, mumewe anakufa. Josepha aliliangusha jembe, akaokota lile bonge, akalirudisha mahali pake, akalikandika upya kwa viganja vyake, kwa uangalifu, akipitisha mkono kwa mzunguko, huku akilia kwa sauti. Ufa wa ubavuni ukajifunga. Kazi yake aliijua vizuri.

Kabla ya kuondoka, Yahaya alimwita pembeni. "Maji ya kisima mwagia kuta ukitaka, hayatamdhuru mtu wala kumsaidia. Lakini ya kinywa usimpe kamwe. Umesikia mwanangu? Hata akikuomba kwa sauti ya nani."

"Nimesikia."

Akawa anachota. Kutwa nzima alipanda na kushuka bondeni na mtungi, nusu akimnywesha mumewe, nusu akiumwagia ukuta, akitumaini kwamba jini akishiba kwa maji ya kisima atamwachia. Hakushiba. Ambrosi alizidi kuwa mwepesi, mpaka Josepha akawa anambeba peke yake kama mzigo wa nyasi. Siku ya mwisho alimwita karibu, akajaribu kutabasamu, midomo ikakatika.

"Mama Justus. Kile kidole changu ndicho kilichokuwa na bahati."

Hakusema tena; kabla jua halijachomoza alikata roho.

Asubuhi ile ile kuta zote za tembe zilikauka. Bwana Vigae alizigonga kwa fimbo, zikalia kama chungu kilichochomwa vizuri, hazina ufa, zinang'aa. Alisema hajaona kazi kama ile tangu aje Afrika. Alikuja mazikoni amevaa tai nyeusi, na alisikitika kwa dhati, na hakuelewa kwa nini mjane hakutaka kumpa mkono. Waliobeba jeneza walitazamana, maana walihisi wamebeba mbao tu. Justus alikuja kutoka Kipalapala, akashika msalaba mbele, akarudi seminari matanga yalipoisha.

Wageni wakatawanyika. Josepha akabaki peke yake na mtungi wa maji na kitanda cha watu wawili. Jioni, kabla hajawasha kibatari, alikaa kitandani, akaegemeza kichwa ukutani kama alivyozoea wakati wa kumngoja mumewe.

Nywele zake zikaingia tope.

Aligeuka polepole. Alikuwa ameusahau ule ufa. Aliuziba kwa mkono wake mwenyewe, kwa tope la kwenye kikapu, huku akicheka. Sasa palikuwa pabichi, na pale katikati udongo ulianza kuvimba, ukatokeza kiganja, kikubwa, cha mkono wa kulia. Josepha alihesabu vidole ingawa hakuwa na haja ya kuhesabu. Cha mwisho hakikuwepo.

Tope la kiganja kile lilikuwa limeanza kupasuka kwa ukavu. Nyufa nyembamba zilitambaa kwenye vidole, zile zile alizokuwa akizipaka mafuta ya nyonyo usiku na mchana. Hakikumsukuma wala kumvuta. Kilikaa wazi tu, kimekingwa, kama mkono wa mtu anayeomba maji kwa jirani.

Alikumbuka kila neno aliloambiwa na Yahaya. Alijua hata kwamba huenda asiwe mumewe.

"Baba Justus," alinong'ona, "una kiu?"

Nyuma ya ukuta, chap, hatua moja ikakanyagwa. Josepha akachota maji kwenye mtungi kwa kata, akapiga funda, akakiinamia kile kiganja kama alivyomwona mumewe akiinamia shimo, akapuliza.

Nyufa zikajifunga. Akatia mkono wake ndani ya kiganja kile, vidole vinne vikafumba taratibu juu ya vyake, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha. Kisha akaitazama kata, ikiwa bado imejaa nusu, akainywa, akachota nyingine, akainywa na hiyo.